Mtepe: Chombo Kilichoshonwa kwa Kamba

Wakazi wa Chala na Taveta wako mbali na bahari, lakini historia yao imefungamana na vyombo vya pwani. Katika karne ya 19 Taveta ilikuwa kituo kikubwa cha misafara kati ya Mombasa na Kilimanjaro. Mmisionari Charles New alipita hapo mwaka 1871. Pembe za ndovu zilibebwa na wapagazi hadi pwani, kisha zikapakiwa majahazini. Vyombo vilivyoleta bidhaa na kuchukua mizigo hiyo viliundwa na mafundi wa pwani.

Chombo cha kale zaidi kati ya hivyo ni mtepe, uliotengenezwa na Wabajuni wa visiwa vya Lamu. Haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zilitobolewa kandokando, zikashikizwa kwa vijiti vya mti, kisha zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Mataruma yalitiwa baadaye na kufungwa kwa kamba hizo hizo. Tanga lilikuwa la mraba, lililosukwa kwa miyaa kama mkeka. Omo lilirefuka kama shingo ya ngamia.

Kushona kulikuwa na faida. Mtepe ulipogonga fungu la mchanga, ulinyumbuka badala ya kupasuka. Hasara yake ni kwamba ulivuja, na mabaharia walichota maji safari nzima. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus, tayari kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani hii.

Karakana ya mtepe ilikuwa ufuoni tu, na ramani yake ilikuwa kichwani mwa fundi. Kijana alijifunza kwa kutazama, kushika kamba na kusahihishwa. Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Majahazi ya misumari na meli za moshi zilipochukua biashara, kazi ikapungua na vijana wakakosa sababu ya kujifunza. Kufikia miaka ya 1930 mtepe ulikuwa karibu kutoweka kabisa.

Bara nako mambo yalibadilika. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896 ukapita Voi, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia tawi likajengwa hadi Taveta. Wapagazi nao wakakosa kazi.

Mwaka 2003 nakala ya mtepe iliundwa Zanzibar, katika jumba la Beit al-Ajaib. Ilibidi kutegemea picha, maandishi na mifano midogo, kwani mafundi wa asili walikuwa wameshaondoka. Matondoni, kisiwani Lamu, mafundi bado wanaunda majahazi ya misumari.

Ujuzi usiorithishwa hufa na mwenyewe. Wakazi wanahimizwa kuwauliza wazee kuhusu kazi za mikono za hapa kwetu, kuanzia ususi wa vikapu hadi uhunzi, na kuandika majibu yao mapema.

Swali la kujadili: Ni ujuzi gani katika kijiji chenu umebaki kwa mtu mmoja au wawili tu?