Likizo ya Agosti: Umpeleke Mtoto Mdogo Kwenye Bustani ya Michezo, Ama Usubiri?

Shule zikifungwa tu, simu huanza kujaa matangazo. Treni ndogo za rangi, mitelezo ya maji, magari ya kugongana, na maandishi makubwa: “Watoto ni 1,200 pekee!” Mtoto wako wa miaka 6 ameshaona. Yule wa miaka 3 hajui ni nini hasa, lakini kwa sababu kakake anataka, yeye pia anataka. Na wewe mzazi unajua kwamba wiki chache zijazo utaulizwa karo ya muhula wa tatu.

Leo hatutakuambia uende wala usiende. Tutakuonyesha jinsi ya kuamua, hatua kwa hatua, kabla hata shilingi moja haijatoka kwenye simu. Siri yenyewe ni mpangilio: anza na mtoto, fuata hali ya hewa, halafu ndipo upige hesabu. Wazazi wengi huanza na bei iliyo kwenye tangazo, na hapo ndipo mfuko hutoboka.

Hatua ya 1: Mpime mtoto, si umri peke yake

Michezo mingi kwenye bustani hizi huruhusu watoto kwa urefu, si kwa miaka. Utakuta ubao umechorwa mstari langoni mwa mchezo: chini ya sentimita 100 haruhusiwi, ama chini ya 120 lazima awe na mtu mzima. Kila bustani ina masharti yake.

Sasa angalia. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa wastani wa miaka 3 ana urefu wa sentimita 95 au 96 hivi. Akifika miaka 6 anakuwa na kama 115 au 116. Hiyo tofauti ya sentimita 20 ndiyo inayoamua kama atapanda michezo kumi ama atasimama kando akilia huku kakake akipanda.

Kwa hivyo kabla ya yote, chukua futi ya fundi, msimamishe mtoto ukutani bila viatu, andika urefu wake. Kisha piga simu kwenye bustani uulize maswali mawili: “Mtoto wa urefu huu anaruhusiwa michezo gani?” na “Asiporuhusiwa, bado analipa bei kamili?” Simu ya dakika mbili inaweza kukuokolea maelfu.

Kuna na jambo la kumbukumbu. Watu wazima wengi hawakumbuki chochote kilichotokea kabla ya kufika miaka 3 hivi. Hii haimaanishi furaha ya mtoto wa miaka 2 ni ya bure. Akicheka leo, amecheka. Lakini jiulize kwa ukweli: safari hii ni ya mtoto, ama ni ya zile picha tutakazoweka mtandaoni? Jibu lolote ni sawa, mradi ulijue kabla ya kulipa.

Kwa kifupi:

- Chini ya miaka 3: Kelele, foleni na jua humchosha haraka. Maji kwenye beseni na uwanja wa nyasi vinamtosha kabisa.
- Miaka 3 hadi 5: Anaweza kufurahia, lakini kwa saa mbili tatu tu. Akikosa usingizi wa mchana, siku inageuka kuwa vita.
- Miaka 6 kwenda juu: Hapa ndipo pesa yako huanza kufanya kazi. Anapanda mingi, anaelewa foleni, na atakumbuka.

Hatua ya 2: Angalia kalenda na mawingu

Matangazo mengi ya mitelezo ya maji yana picha za jua kali. Lakini Nairobi, kuanzia Juni hadi Agosti, ni miezi ya baridi na mawingu. Mtoto mdogo hupoteza joto la mwili haraka kuliko mtu mzima, na akishatoka majini na kupigwa na upepo wa Agosti, dakika ishirini baadaye anatetemeka na anataka nyumbani. Umelipia siku nzima, umetumia nusu saa.

Kama mpango wako ni maji na unaishi Nairobi, Nakuru ama Limuru, fikiria kusukuma safari hadi likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. Agosti, chagua bustani ya michezo ya nchi kavu. Na wakati wowote ukienda, epuka siku za Idd, Krismasi na Mwaka Mpya ukiwa na mtoto mdogo. Foleni inakuwa ndefu, nauli inapanda, na mtoto kupotea ni rahisi.

Watu wa Pwani hawana shida ya baridi. Wengine hupanga kushuka Mombasa kwa treni ya SGR ili watoto wapate bahari na bustani za maji za kule. Hapo umri wa mtoto una maana kwenye tiketi pia. Tangu Januari 2024, nauli ya daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa ni Sh1,500 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, na wa chini ya miaka 3 hasafiri kwa tiketi ya kulipia. Wazazi wawili na watoto wa miaka 6 na 3 ni Sh4,500 kwenda, na Sh9,000 kwenda na kurudi. Hapo hata hujafika bustanini.

Hatua ya 3: Piga hesabu yote, si ya langoni tu

Tuchukue familia ya mfano: baba, mama, mtoto wa miaka 6 na wa miaka 3, wanaishi Nairobi na wanaenda bustani ya hapa mjini. Bei hizi ni za mfano tu, weka za kwako.

- Kiingilio cha wazazi wawili, 500 kila mmoja: 1,000
- Bangili za michezo yote kwa watoto wawili, 1,200 kila moja: 2,400
- Nauli ya matatu mbili kwenda na mbili kurudi, 100 kila gari, viti vitatu, mdogo anapakatwa: 1,200
- Chakula cha mchana na maji: 1,800
- Vitu vidogo vidogo, yaani aisikrimu, puto, kuchorwa uso: 800
- Ya dharura, kwa mfano teksi ya kurudi mtoto akichoka: 800

Jumla ni Sh8,000. Tangazo lilisema 1,200. Halikudanganya. Ni wewe tu hukuambiwa yale mengine.

Sasa angalia ile bangili ya mtoto mdogo. Tuseme kila mchezo ukilipiwa peke yake ni 200. Wa miaka 6 atapanda michezo kumi, kwa hivyo kwa bangili ya 1,200 kila mchezo umemgharimu 120. Hapo umefaidi. Wa miaka 3 atapanda mitatu kisha asinzie begani. Kwa bangili, kila mchezo umekuwa 400! Ukimlipia mmoja mmoja, ni 600 tu kwa jumla. Kanuni ni rahisi: gawanya bei ya bangili kwa bei ya mchezo mmoja. Hapa ni 1,200 kwa 200, unapata 6. Kama mtoto hatafikisha michezo 6, usimnunulie bangili.

Kuna njia ya tatu ambayo familia nyingi husahau: si lazima muende wote. Mzazi mmoja na mtoto wa miaka 6, kwa bei zilezile, wanatumia 500 ya kiingilio, 1,200 ya bangili, 800 ya nauli, 800 ya chakula, 400 ya vitu vidogo na 500 ya dharura. Jumla ni Sh4,200. Mkubwa anapata siku yake na mzazi wake peke yao, jambo adimu kwa mtoto aliyezaliwa kwanza. Mdogo anaenda na mzazi wa pili kutembea Arboretum ama msitu wa Karura, wakiwa wamebeba chapati na chai ya chupa. Mombasa kuna Haller Park, yenye twiga, viboko na kobe wakubwa, palipokuwa machimbo ya kiwanda cha saruji. Kisumu kuna hifadhi ya Impala kando ya ziwa. Mtoto wa miaka 3 hatajua kwamba alikosa magari ya kugongana. Atajua alimwona twiga.

Hatua ya 4: Pesa itoke wapi?

Kama jibu lako ni “nitakopa kwenye simu”, simama kidogo. Tuseme unakopa Sh5,000 kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Utarudisha 5,375. Inaonekana kidogo. Lakini siku 30 baada ya likizo ya Agosti, umetoka tu kulipa karo, sare imechanika na viatu vimekuwa vidogo. Ukishindwa kulipa, ada inaongezeka, na hata kiwango unachoruhusiwa kukopa kinaweza kushuka. Mkopo wa simu unafaa mtoto akiugua usiku. Wa kumpandisha treni ya kuzunguka, hapana.

Haba na haba hujaza kibaba. Ukitaka 8,000, weka 1,000 kila wiki kwa wiki nane. Ukichagua njia ya 4,200, ni 525 kwa wiki. Fungua akaunti ya akiba kwenye menyu ya simu yako, na kama ina nafasi ya kufunga pesa hadi tarehe fulani, ifunge hadi wiki ya safari. Pesa ikikaa pamoja na ya matumizi, gesi itakwisha na utajua ilikoenda.

Na mshirikishe mtoto mkubwa. Mwonyeshe salio likipanda kila Jumapili. Hilo ni somo la pesa ambalo hakuna bustani inayouza.

Hatua ya 5: Lipa bila kuibiwa, na bila kupoteza mtoto

Msimu wa likizo ni msimu wa matapeli pia. Wanafungua kurasa za uongo zenye picha za bustani za kweli, wanatoa “ofa ya familia, mwisho leo saa kumi”, halafu wanataka utume pesa kwa nambari ya mtu binafsi. Kwa hivyo:

1. Lipa kwa nambari ya till au ya malipo ya biashara. Ukiambiwa “tuma kwa hii ya meneja”, kaa chonjo.
2. Kabla ya kuweka nambari ya siri, soma jina linalotokea. Kama si la bustani, futa.
3. Nambari ya siri usimwambie mtu, hata mhudumu aliyevaa sare.
4. Hifadhi ujumbe wa malipo. Ndio risiti yako mambo yakienda mrama.
5. Ukituma kimakosa, omba kurudishiwa papo hapo. Kadiri unavyochelewa, ndivyo mpokeaji anavyopata muda wa kuitoa.

Halafu kuna hili, na tafadhali lisome mara mbili. Ukiwa umeinama kwenye simu ukilipia chipsi, nani anamwangalia mtoto? Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Anazama kimya, na ni kwa muda mfupi sana. Mtoto mdogo akiwa majini ama kando ya bwawa, awe na mtu mzima wake mmoja anayeweza kumfikia kwa mkono, na mtu huyo simu yake iwe mfukoni. Maboya ya mikononi hayachukui nafasi ya mtu. Kama mko wazazi wawili, gawaneni kazi: mmoja analipa, mwingine anaangalia, kisha mnabadilishana. Kama uko peke yako, mtoe mtoto kwenye maji kwanza, mshike mkono, ndipo ulipe. Mhudumu atasubiri.

Mvishe nguo ya rangi kali, na uandike nambari yako ya simu mkononi mwake kwa kalamu isiyofutika haraka. Mtoto wa miaka 3 akipotea, jina analojua la mamake ni “Mama”.

Kwa hivyo, uende ama usiende?

Jibu maswali haya matano kwa ndio ama hapana:

- Urefu wa mtoto unamruhusu kupanda angalau nusu ya michezo?
- Hali ya hewa ya mwezi huo inafaa aina ya bustani hiyo?
- Hesabu yote, pamoja na nauli na dharura, imekamilika bila kukopa?
- Karo ya muhula ujao imewekwa kando?
- Kuna mtu mzima mmoja kwa kila mtoto mdogo?

Ndio tano, funga safari na mfurahie bila wasiwasi. Ukipata hapana kwenye karo ama kwenye mtu mzima wa kumwangalia mtoto, subiri, hata kama nyingine zote ni ndio. Hapana kwenye urefu? Mpeleke mkubwa peke yake. Hapana kwenye hali ya hewa? Sogeza tarehe.

Kusubiri si kumnyima mtoto. Mtoto wa sentimita 96 leo atafika 116, na hiyo mistari ya langoni itakuwa bado iko palepale ikimngoja. Usiku huu chukua futi, chukua kalamu, na uandike hesabu yako ya kwanza. Ukishaipata jumla, igawanye kwa wiki zilizobaki, na uweke ya wiki ya kwanza kabla hujalala.