Sonona isiyosikia dawa

Ndugu Waislamu, sonona ni huzuni nzito inayodumu wiki mbili na zaidi, ikamkosesha mtu usingizi, hamu ya kula, hata ladha ya ibada. Wengi hupata nafuu kwa dawa. Lakini karibu theluthi moja hujaribu dawa mbili tofauti bila mafanikio, kisha huambiwa imani yao ni dhaifu. Huko ni kumdhulumu mgonjwa. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alikwishaandika kwamba ipo huzuni yenye sababu inayojulikana, na ipo isiyojulikana sababu, ambayo chanzo chake kimo mwilini.

Kabla ya kusema dawa imeshindwa, ulizeni: imemezwa kila siku kwa wiki sita? Amitriptilini hukausha mdomo na kulevya usingizi kabla ya kuleta nafuu, na wengi huiacha hapo hapo. Je, anakunywa uraka? (Msimu wa mabibo tunaujua.) Amepimwa damu na tezi ya shingo? Kutoka Chilangala nauli ya Newala au Ndanda ni mzigo, lakini daktari anaweza kuongeza kiwango, kubadili dawa au kuongeza ya pili. Asiache ghafla, hata Ramadhani; dawa ya usiku haigongani na saumu, na mgonjwa anayo ruhusa ya kutofunga.

Dua na ruqya ziende pamoja na vidonge. Akianza kutaja kufa, asiachwe peke yake. Vidonge na sumu ya mikorosho vifungiwe, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.