USIACHE MBACHAO: SOMO LA KUTUNZA MALI YA NYUMBANI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika darasa yetu moja ya mwezi wa Shaabani alisimama ndugu mmoja akatuletea swali. Alisema kwamba Ramadhani yaja na Idi iko nyuma yake, na nyumbani kwake wameazimia kubadili mapazia, foronya na vitambaa vya viti, na kuwashonea watoto nguo mpya jozi mbili mbili. Fedha hana. Amekusudia kukopa kwa simu, na mkopo huo una riba. Akauliza: Je, hii si dharura?

Tulimjibu kwa neno moja: Si dharura. Dharura ni ya mtu anayekhofia roho yake, si ya mtu anayekhofia macho ya wageni. Yule ndugu aliketi, asiseme kitu. Lakini tulipotawanyika tulihisi ya kwamba jibu letu lilikuwa sahihi na somo letu lilikuwa nusu. Kumwambia mtu "usikope" ni kazi nyepesi. Kumwonyesha njia ya kupita asipokopa ndiyo kazi ya darasa. Basi leo twalipa ile nusu iliyobaki.

ASILI YA JAMBO HILI KATIKA DINI

Ajabu ni kwamba swali hilo la mapazia lina mfano wake katika nyumba ya Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Bibi Aisha (R.A.) alitundika kitambaa mlangoni wakati Mtume yuko safarini. Aliporudi akakiona, uso wake ulibadilika, akakivuta hata kikapasuka, na akaeleza kwamba Mwenyezi Mungu hakutuamrisha kuyavisha nguo mawe na udongo. Wengi wetu tunaijua khabari hii hadi hapo, tukakomea hapo. Lakini tazameni mwisho wake: Bibi Aisha hakukitupa kile kitambaa. Alikikata akafanya mito miwili, akaijaza nyuzi za mtende, na Mtume (S.A.W.) hakumlaumu kwa hilo. Kitambaa kile kile kilichokuwa pambo la ukuta kikawa raha ya mtu.

Si hiyo tu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alimpita kondoo aliyekufa, aliyekuwa ni sadaka ya mwanamke aliyeachwa huru na Bibi Maymuna. Akauliza kwa nini hawakuichukua ngozi yake wakaidabighi, wakanufaika nayo. Walipomwambia kuwa ni mzoga, aliwafahamisha kwamba kilichoharimishwa ni kumla. Na Bibi Asmaa binti Abubakar, siku za Hijra mwaka 622, alipokosa kamba ya kufungia chakula cha safari aliupasua mshipi wake vipande viwili, na kwa hilo akapata lakabu ya heshima hata leo. Na Anas (R.A.) alisimulia, kama ilivyo katika Muwatta ya Imamu Malik, kwamba alimwona Sayyidna Umar, naye ni Amiri wa Waumini, ana viraka vitatu baina ya mabega yake, kimoja juu ya kingine.

Na juu ya yote hayo, Qurani katika Sura ya 17 imewataja wafujaji kuwa ni ndugu wa mashetani, na katika Sura ya 25 imewasifu waja wema kwa kushika njia ya katikati, wasifuje wala wasibane.

AIBU TULIYOIWEKA MAHALI SIPO

Ndugu zetu, umaskini peke yake si ugonjwa wetu. Ugonjwa wetu ni kuwa aibu tumeiweka mahali sipo. Twaona haya mgeni akiona kiraka, wala hatuoni haya mwenye duka akitupitia mlangoni na daftari lake. Mama huuza kipuli chake cha dhahabu ili anunue pazia, na mwaka wa pili pazia limepauka kwa jua na kipuli hakirudi. Wazee wetu walituachia methali: Usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mkeka mkuukuu, lakini ni wako. Msala ni mzuri, lakini ni wa mpita njia. Na mkopo wa riba ni msala upitao.

Na tufanye hesabu. Tuseme mtu amekopa shilingi 5,000, na kila mwezi alipa shilingi 400 juu yake kwa sababu hawezi kulipa asili ya deni. Mwaka ukitimia ametoa shilingi 4,800, na zile 5,000 angali anadaiwa. Mapazia ameyanunua mara mbili kasoro shilingi 200, na bado si yake.

MATENDO: TUANZE NA SANDUKU LA NGUO

Kabla ya kwenda dukani, mama wa nyumba na afungue sanduku, atoe kila kilichomo, akitandaze. Shuka huchakaa katikati, palipolaliwa, na kingo zake husalia nzima. Basi ikatwe katikati kwa urefu, kisha zile kingo mbili nzima ziunganishwe kwa mshono, na upande uliochakaa uwe pembeni, upindwe. Shuka hiyo yaweza kutumika muda mwingine mrefu. Kanzu ya baba iliyoraruka kola na upindo ina kitambaa kizima mgongoni, nacho chatosha kanzu ya mtoto. Pazia lililopauka likatwe foronya, kwa upande ambao jua halikuufikia, na tutakuwa tumefuata njia ya Bibi Aisha. Mto wenyewe wajazwa sufi, au usumba, kama walivyofanya bibi zetu.

Na kanga ni mwalimu wa somo hili. Doti ni vipande viwili. Ikiwa mpya yavaliwa kutokea. Ikizoea maji huwa ya nyumbani. Ikilainika huwa mbeleko, na winda za mtoto mchanga, kwa kuwa hakuna kitambaa kipya kinachofikia ulaini wake. Kisha huwa ya kushikia sufuria, na mwisho wake ni tambara la kupangusia. Vile vile tangu Agosti 2017 Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, wengi wetu hununua mfuko kila waendapo sokoni. Kipande cha kanga kuukuu kikikunjwa mara mbili na kushonwa kwa uzi imara ni mfuko wa miaka, na kikapu cha ukindu kilichotundikwa ukutani hakijafa.

JIKONI

Bibi zetu hawakutupa kitu cha nazi. Tui lilikwenda chunguni, na machicha wakapewa kuku. Kifuu kilifanywa upawa na kata ya kutekea maji, na kilichovunjika kilikuwa kuni za moto mkali. Makumbi yalifukiwa katika matope ya pwani, yakaoza, yakapondwa, zikatoka nyuzi za kusokotea kamba. Leo twalipa mtu atuchukulie vifuu kama taka, kisha twanunua upawa wa plastiki na makaa.

Boflo la jana lililokauka lirowekwe katika maziwa, litiwe yai, sukari na iliki, lipikwe; huwa tamu ya kufuturia. Ndizi zilizoiva kupita kiasi zipondwe na unga, zikaangwe. Kichwa na mifupa ya samaki vitoe supu kabla ya kupewa paka. Maji yaliyooshea mchele yamwagiwe mrehani na mpilipili uani. Chupa za achari zioshwe ziwekewe bizari. Debe lililotoboka halifai maji, lakini lafaa kuoteshwa mchicha.

Na asidhani mtu kuwa haya ni mambo ya wanyonge. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na ndara kuukuu, na mwaka 2019 likatweka tanga hadi Unguja. Ikiwa taka za ufuoni zaweza kuwa chombo cha baharini, vipi pazia lishindwe kuwa mto?

MIPAKA YA SOMO HILI

Kila jema lina mpaka, na likiuvuka huharibika.

Kwanza, tahara na siha. Kilichokuwa winda kisitumike jikoni kabla ya kutoharishwa na kuchemshwa. Chombo kilichotiwa dawa ya wadudu au mafuta ya taa kisitiwe maji ya kunywa wala chakula abadan. Na wali wa mwiku ni halali na ni mtamu, kwa sharti uwe umehifadhiwa penye baridi mapema, kisha upashwe moto barabara. Uliolala nje usiku kucha katika joto letu hauaminiki, hata ukichemshwa tena. Kuokoa kibaba cha wali kwa kumwuguza mtoto ni khasara.

Pili, sadaka. Qurani katika Sura ya 2 imetukataza kukusudia kibaya ili tukitoe. Basi kikuukuu kigeuze wewe, ukitumie wewe. Cha kumpa maskini toa kile ambacho ungekipokea nawe bila kuinamisha uso.

Tatu, kulimbikiza. Mwenye kujaza chumba makopo kwa kusema "yatafaa siku moja" hajatunza mali, amefuga panya na mende. Kitu kisichopata kazi kwa mwaka mzima na apewe mwenye kukihitaji.

Nne, na hili twalisema wazi: mume asilifanye somo hili fimbo ya kumpigia mkewe. Nafaka ya mke na watoto ni wajibu wake, kila mtu kwa kadiri ya wasaa wake. Anayetumia fedha zake barazani kwa miraa na kahawa, kisha akarudi nyumbani kumwambia mkewe atie viraka, huyo hajafahamu iktisadi, amefahamu dhulma. Kiraka cha kwanza kishonwe katika mfuko wa mume uliotoboka.

KHITIMISHO

Yule ndugu alitujia tena baada ya Idi. Alisema kwamba hakukopa. Mkewe alifungua sanduku, akapata mapazia ya zamani aliyoyasahau, na kanga doti tatu hazijavaliwa. Watoto walivaa nguo jozi moja moja, safi, zilizopigwa pasi. Tukamwuliza kama wageni walisema neno juu ya mapazia. Akacheka, akasema: "Walisifu mahamri."

Haya basi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilichojaa kwa halali ni bora kuliko pishi ya riba. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake, atuepushe na deni na unyonge wake, na atie baraka katika vichache tulivyo navyo. Amin.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA DARASANI

1. Ni nini tofauti ya iktisadi na ubakhili? Toa mfano mmoja wa kila kimoja katika nyumba yako.
2. Kwa nini haja ya pambo la Idi haiwi dharura?
3. Kabla ya darasa ijayo, kila mmoja na ageuze kitu kimoja kikuukuu nyumbani kwake, atueleze kilikuwa nini na kimekuwa nini.