Kuchonga Bodi za Saketi Nyumbani: Shaba Isiishie Ziwani

Mwanafunzi wa elektroniki au fundi wa redio anayechonga bodi ya saketi nyumbani, iwe Manyatta, Kondele au Nyalenda, huuliza kwanza ni dawa gani inayokula shaba haraka. Shaba hiyo inakwenda wapi? Hilo ndilo swali linalowagusa wakazi wote wa Ghuba ya Winam.

Bodi ya kawaida ya sentimita 10 kwa 10 hubeba takriban gramu 3 za shaba upande mmoja. Zikiyeyuka zote, zinatosha kufikisha lita 1,500 za maji kwenye kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa, yaani miligramu 2 kwa lita. Samaki huumia kwa kiwango kidogo zaidi ya hicho.

Kwa anayeanza, feriki kloraidi ndiyo nafuu. Hutia madoa ya kahawia yasiyotoka, lakini moshi wake ni mdogo. Sodiamu pasalfeti ni safi zaidi, ila huhitaji maji ya vuguvugu, na chupa yake isifungwe kabisa kwa sababu hutoa gesi. Mchanganyiko wa asidi hidrokloriki na haidrojeni peroksaidi ni wa haraka, lakini hutoa gesi ya klorini. Haufai chumba kimoja ambamo watu hulala. Siki, chumvi na peroksaidi huenda polepole, na wengi hudhani ni salama kumwaga. Sivyo: shaba iliyomo ni ileile. (Asidi ya betri pekee haichongi shaba, kwa hiyo isijaribiwe.)

Kazi ifanyiwe nje, kwa glavu na miwani, katika chombo cha plastiki na kamwe si sufuria ya alumini. Dawa isiwekwe kwenye chupa ya soda, wala isichanganywe na Jik.

Dawa iliyochoka hutiwa magadi kidogo kidogo hadi povu liishe. Shaba hutuama kama matope. Maji ya juu yaachwe yakauke kwenye beseni pana, mbali na watoto na kuku. Matope yahifadhiwe kwenye chombo chenye maandishi, kisha yapewe mbebaji wa taka hatari mwenye leseni ya NEMA.

Kanuni za Ubora wa Maji zinakataza kuchafua maji, na mtaro unaoingia Kisat au Auji huishia ziwani.