Jua Haki Zako: Mlaji wa Mkahawani Si Mgeni wa Nyumbani

Katika ada zetu za pwani, mtu aliyekaribishwa chakula nyumbani kwa mwenzake hakitii kasoro kile alichoandaliwa. Pilau ikizidi chumvi atasema imekolea, mkate ukiungua atauma upande usioungua, na akiinuka atamwombea mwenye nyumba baraka, kwani alichokula kilitolewa kwa mapenzi wala hakukilipia hata senti. Ada hiyo ni njema, nami siombi iondoke. Lakini nimeona kwa muda mrefu kwamba tunaichukua ada ile ile tukaingia nayo mkahawani, ambako mwenyeji wetu amekwisha kutia bei kila tonge, na huko nako tunameza samaki aliyeanza kuvunda kwa staha ya mgeni, tunalipa, tunashukuru, kisha tunakuja kunung'unika barazani mbele ya watu wasio na uwezo wa kuturudishia chochote.

Nami ni miongoni mwa wafanyao hivyo. Jioni moja ya Ijumaa mimi na ahali yangu tuliketi katika mkahawa mmoja wa Mombasa ulioelekea bahari, ambao jina lake nitalisitiri, nikamwuliza mhudumu kama changu aliyeandikwa kwenye orodha alikuwa wa siku ile. "Wa leo, mzee wangu, ametoka baharini asubuhi," akajibu kwa ulimi mtamu. Tukangoja takriban saa moja na nusu, na alipokuja samaki wa kupaka, tui lake lilikuwa zuri kupita kiasi, yaani lilikuwa limekazwa viungo kwa makusudi ya kuificha harufu ambayo viungo vyote vya Zanzibar visingeweza kuificha. Tulikula nusu kwa haya, tukaletewa bili iliyoongezwa asilimia 10 kwa jina la "huduma", nikalipa na kutia bakshishi juu yake. Nilipofika nyumbani ndipo nilipokumbuka kwamba mimi ndiye ninayeandika safu hii.

Basi na tuseme bayana: anayekula mkahawani ni mnunuzi, na baina yake na mwenye mkahawa pana mkataba kamili, ijapokuwa haukuandikwa wala kutiwa sahihi, uliofungwa pale mhudumu alipopokea agizo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 46, inampa kila mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora wa kiasi cha kuridhisha, haki ya kupewa maelezo ya kutosha juu ya anachokinunua, haki ya kulindiwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kufidiwa akipata hasara au madhara kwa sababu ya kasoro. Chini ya Katiba ipo Sheria ya Kulinda Watumiaji, namba 46 ya mwaka 2012, ambayo humhesabu mtoa huduma kuwa amedhamini ubora wa huduma yake hata kama hakutamka neno, na ambayo haki zake haziondolewi kwa tangazo lolote la ukutani, liwe limeandikwa kwa wino mwekundu au limetiwa fremu. Iko pia Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, tuliyoirithi kutoka kwa Waingereza, inayotaka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo yake.

Hapo kwenye maelezo ndipo mahali pa kukaa kidogo, maana kadhia nyingi za mkahawani huzaliwa katika maneno kabla hazijafika jikoni. Orodha ya vyakula ni ahadi. Ikiandikwa "kamba wa kuchoma" ukaletewa ngisi, ahadi imevunjwa, hata kama ngisi yule ni mtamu. Mhudumu akisema samaki ni wa leo ilhali ametoka kwenye barafu ya juma zima, amesema uongo kwa niaba ya tajiri wake, na tajiri hawezi kujitoa kwa kudai kwamba kijana alijisemea tu. Aliyeambiwa kwamba nyama ni halali, akala, kisha akabaini kwamba sivyo, hakuchezewa imani yake peke yake, bali ameuziwa kwa maelezo ya uongo. Na kwa mambo ya namna hii Sheria ya 2012 humruhusu mlaji kuutangua mkataba na kudai fedha zake, mradi atoe taarifa kabla ya mwaka kwisha tangu siku ya mapatano. Na wapenzi wa nyama ya kuchoma wasisahau kwamba nyama hupimwa ikiwa mbichi, nayo hupungua motoni, kwa hiyo kilo iliyofika mezani ikiwa nyepesi si lazima iwe imeibwa. Dawa yake ni kusimama kwenye mizani wakati inapopimwa, na kama mizani yenyewe ina kasoro, hilo ni shauri la maofisa wa vipimo na mizani.

Lakini sheria haimpendi mtu anayenyamaza mpaka sahani iwe nyeupe. Nasihi hii ndiyo ningependa msomaji ashike kuliko nyingine zote katika makala haya: madhali umeonja tonge la kwanza na la pili ukaona kuna kasoro, weka kijiko chini, umwite mhudumu, na ikiwa hana mamlaka umwombe msimamizi. Mnunuzi ana haki ya kukagua na kukataa, ila akikitumia kitu kama chake huhesabiwa amekikubali, na hakimu atashangaa kusikia kwamba biriani ilikuwa haiwezi kuliwa kutoka kwa mtu aliyeitafuna hata mifupa yake. Sema kwa upole, kwani hasira haiongezi ushahidi: "Bwana, niliagiza changu wa leo, na huyu hali yake si hiyo, naomba mnibadilishie au mmwondoe katika bili." Kisha mpige picha samaki, uiweke risiti, na kama ulilipa kwa simu usiufute ujumbe wa malipo, maana una tarehe, saa na kiasi, mambo matatu ambayo kumbukumbu ya mtu huyapoteza kwanza.

Ama kuhusu bili, watu wengi wanadhani dawa ya chakula kibaya ni kuondoka bila kulipa. Hasha! Aliyeingia akala na kutoka kimya kimya anajiweka katika hatari ya kushtakiwa kwa kupata chakula kwa hila, na hapo mwenye haki atakuwa amejigeuza mshtakiwa kwa miguu yake mwenyewe. Njia iliyo salama ni kulipa vile visivyo na ubishi, yaani chai, mikate na maji mliyokunywa, kukataa waziwazi kile chenye ubishi, na kuacha jina lako na namba ya simu ili mwenye kutaka kudai ajue pa kukupata. Au, ukiona zogo linakuja, lipa yote na uandike kwenye risiti kwamba umelipa kwa pingamizi. Ada ya huduma inadaiwa ikiwa ilitajwa kwenye orodha kabla hujaagiza. Iliyozuka ndani ya bili kama uyoga baada ya mvua si deni lako, nami ile asilimia 10 niliilipa kwa ujinga. Bakshishi haijawahi kuwa deni popote. Na mwenye mkahawa naye ana mipaka: anaweza kudai, anaweza kuita polisi, lakini hawezi kukufungia mlango wala kukunyang'anya simu iwe rehani, kwa kuwa Kifungu cha 29 cha Katiba kinamlinda kila mtu asizuiwe kiholela, na deni la sahani ya wali halikifuti.

Mambo huwa mazito zaidi pale chakula kinapomwuguza mtu, na hapo hadithi ya Bi. May Donoghue wa Uskoti haina budi kusimuliwa, kwani wakili wa Kenya bado huitaja. Tarehe 26 Agosti 1928 bibi huyo aliketi na rafiki yake katika mkahawa wa mji wa Paisley, na rafiki akamnunulia kinywaji cha tangawizi kilichokuwa ndani ya chupa nyeusi isiyopenya macho. Alipokwisha kunywa kiasi, kilichobaki kikamiminwa, na inasemwa kwamba alitoka konokono aliyeoza. Yeye hakununua, kwa hiyo hakuwa na mkataba na mtu, akamshtaki mtengenezaji, na tarehe 26 Mei 1932 majaji wa baraza kuu la Uingereza, watatu dhidi ya wawili, walikata kwamba mtengenezaji anawiwa uangalifu na mtu atakayekitumia kitu chake, Lord Atkin akiijenga hoja yake juu ya neno "jirani". (Kama konokono alikuwamo kweli, halikuthibitishwa kamwe, kwa kuwa shauri liliishia kwa suluhu.) Na mwaka 1938, katika kesi ya mke aliyeugua kwa samaki wadogo wa hotelini alipokuwa na mumewe, mahakama ya Uingereza ilikubali kwamba mke naye alikuwa na mkataba wake mwenyewe na hoteli. Basi asikwambie mtu kwamba, kwa kuwa aliyelipa ni shemeji yako, wewe uliyelazwa huna la kusema.

Kinachohitajika ni ithibati kwamba ugonjwa umetoka kwenye chakula kile, nayo haipatikani kwa kiapo peke yake: nenda hospitali siku ile ile, mwambie tabibu ulikula nini, wapi na saa ngapi, uombe yaandikwe, na ujue kama waliokula nawe wameugua pia. Kisha piga ripoti kwa ofisa wa afya ya umma wa kaunti, kwa sababu Katiba imezipa kaunti kazi ya kuzipa leseni na kuzisimamia biashara zinazouzia umma chakula, na ofisa huyo ana uwezo wa kuingia jikoni, mahali ambapo mimi na wewe hatuna ruhusa ya kukanyaga, akadai vyeti vya afya vya wapishi.

Ikiwa umeachwa ukingoja wakati waliokuja nyuma yako wamehudumiwa, si kwa kusahauliwa bali kwa sababu ya kanzu yako, buibui lako, rangi yako au lafudhi yako, huo si uhaba wa adabu tu. Kifungu cha 27 kinamkataza mtu yeyote, seuze Serikali, kumbagua mwenzake kwa asili, rangi, dini, lugha au hata mavazi. Machi 2015 mkahawa mmoja wa Nairobi ulifungwa baada ya kelele kwamba Waafrika hawakuruhusiwa kuingia usiku. Lakini sababu iliyotolewa ya kuufunga ilikuwa kukosa leseni zilizotakiwa, nami hilo sikulipenda, kwani afadhali kosa likatajwa kwa jina lake.

Kununa kwa mhudumu, kwa upande mwingine, hakuna mahakama itakayokulipa.

Barua ya heshima kwa mwenye mkahawa, ikitaja tarehe, kilichoahidiwa, kilicholetwa na kiasi unachodai, humaliza mashauri mengi. Isipomaliza, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, hutakiwa kukata shauri ndani ya siku 60, na haikulazimishi kuweka wakili. Mahakama hiyo haishughuliki na kashfa, nami nalitaja hilo kwa wale wanaoandika ghadhabu zao simuni wakiwa bado wameketi mezani: andika uliyoyaona na kuyaonja, usimwite mtu mwizi wala mchawi, usije ukadaiwa wewe.

Dai la mkataba hufa baada ya miaka 6, la madhara ya mwili baada ya miaka 3, na taarifa ya kutangua kwa ajili ya uongo haingoji zaidi ya mwaka 1. Basi, msomaji wangu, itafute ile risiti uliyoikunja ukaitia mfukoni, uiangalie tarehe yake leo.