Injini ya mshumaa: ikunje, iwashe, iachie majini

Injini hii haina pistoni, haina plagi, haitumii hata tone la petroli. Ni mrija wa kopa uliozungushwa mara mbili, mshumaa mdogo na maji. Lakini ni injini kweli, inasukuma boti. Thomas Piot, Mfaransa, aliomba hataza ya boti ya jamii hii huko Uingereza mwaka 1891, na hadi leo watu wanaitengeneza kwa mkono nyumbani. Wewe uliyeko Mafia una karibu kila kitu. Kinachotakiwa ni jioni chache na mkono usio na haraka.

Anza na kopa. Mwone fundi friji, mwombe kipande cha mrija wenye upana wa milimita 3 kwa nje na urefu wa sentimita 35. Kapilari iache, tundu lake ni dogo mno. Mrija wa robo inchi nao uache, mshumaa hautauweza. Puliza ndani kabla hujalipa. Hewa ipite bila kukwama.

Sasa lainisha. Ushike mrija kwa plaizi, uweke kwenye mkaa uliokolea mpaka uwe mwekundu, kisha uzamishe majini. Chuma cha patasi kikipozwa hivyo huwa kigumu, kopa hubaki laini. Ncha ya juu ielekeze mbali na uso wako, maana mvuke wa moto hutokea humo.

Hatua ya kukunja ndiyo inayoharibu kopa za watu wengi, kwa hiyo nenda taratibu. Ukikunja mrija mtupu, unabonyea na njia ya maji inakufa. Dawa yake ni chumvi laini. Ikaange kwanza mpaka ikauke kabisa, kwani chumvi ya pwani hainyimwi unyevu. Ziba ncha moja kwa njiti, mimina chumvi kidogo kidogo huku ukiugonga mrija kwa kidole ishuke, ukijaa ziba ncha ya pili.

Tafuta kalamu nene, kama ya kuandikia kwenye katoni. Anzia katikati ya mrija, zungusha mara mbili kwa vidole gumba. Plaizi iweke mbali, inatia makovu. Miguu miwili itakayobaki iwe na urefu sawa. Kopa ikigoma, usishindane nayo: toa chumvi, ipashe moto tena, uanze upya. Ikishabonyea hata mara moja, kata nyingine. Kuinyoosha ni kupoteza muda.

Ukimaliza, loweka kwenye maji ya uvuguvugu. Chumvi itayeyuka yenyewe, na hapo ndipo inapoushinda mchanga ambao wengine hujaza badala yake. Nunua bomba la sindano duka la dawa, sukuma maji ndani mpaka yatoke upande wa pili kwa mkondo ulionyooka. Yakitoka kwa matone, bado kuna chumvi. Loweka tena.

Boti yenyewe ikate kwenye soli nene ya ndala kuukuu. Chonga omo kwa kisu kikali. Weka kipande cha bati la kopo mahali pa mshumaa ili soli isiungue. Duara la kopa likae juu ya bati, sentimita 2 au 3 juu ya usawa wa maji. Miguu iteremke nyuma kwenye tezi, izame, halafu ncha zake zipinde na kutazama nyuma, sambamba. Bana kwa waya mwembamba.

Ijaribu kwenye karai kwanza. Jaza mrija maji kwa bomba la sindano mpaka mapovu yaishe, ziba ncha zote mbili kwa vidole, iweke boti majini, ndipo uachie. Washa mshumaa mfupi. Mwali uguse duara tu. Ngoja kidogo. Maji ya kwenye duara yatachemka, mvuke utayasukuma ya miguuni nje, kisha utapoa na kuyavuta mengine ndani. Mchezo huo unajirudia haraka, na boti inaondoka. Usisubiri mlio. Aina hii huenda kimyakimya.

Onyo moja lisilo na mjadala: usiwashe moto ncha ikiwa imezibwa. Usalama wa injini hii wote uko kwenye matundu yake mawili yaliyo wazi.

Isipokwenda, usibadilishe vitu vitatu kwa mpigo. Shuku hewa kwanza, jaza maji upya. Ikitetemeka bila kusogea, angalia kama ncha zimezama. Ikienda kidogo ikafa, mara nyingi moto umezidi na kopa yote imepata joto, kwa hiyo punguza utambi. Ikizunguka, ncha moja imepinda kuliko mwenzake. Andika ulichogusa na kilichotokea. Daftari hilo litakufaa kuliko ushauri wa mtu yeyote, wangu ukiwemo.

Ikitulia kwenye karai, ipeleke baharini. Nenda asubuhi, upepo haujaamka. Tafuta kidimbwi kilichoachwa na maji kupwa. Miezi ya kusi chagua pembe iliyokingwa, la sivyo mshumaa utazimika kila ukiuwasha.

Utatamani kuijaribu Shungimbili, kile kisiwa kidogo kaskazini-magharibi mwa Mafia. Ni tamaa nzuri, ila kina utaratibu wake. Ni eneo tengefu chini ya Sheria Namba 29 ya mwaka 1994, na kisiwani kuna hoteli ya Thanda Island. Hushuki tu. Kama kazi inakufikisha kule, uwe nahodha au mpishi, omba ruhusa kwanza. Popote utakapokuwa, funga mshipi mwembamba nyuma ya boti. Soli ya ndala iliyokuponyoka ni taka juu ya matumbawe, na kasa hawajui kuitofautisha na chakula.

Ukiizoea hii, panda ngazi: tengeneza yenye sahani nyembamba ya bati juu ya birika dogo. Hiyo ndiyo inayolia tuku-tuku. Itakudai kulehemu kusikovuja, kwa hiyo jifunze kwanza kwenye mabaki ya bati.

Kila ukitoka baharini, safisha kopa siku hiyo hiyo. Pitisha maji baridi kwa bomba la sindano, kisha maji ya ndimu yakae humo kwa muda, halafu maji baridi tena. Chumvi ya bahari isikaukie ndani. Ining'inize ncha zikitazama chini mpaka ikauke.