STAJI NDANI YA MASOMO YA INFORMATIKI: KUTUMWA NA KURUDI



Wenzetu wa darasa la sita wanajitayarisha kwa Mtihani wa Serikali, na kila jioni wanaulizana: "Nyuma ya diploma, utasoma nini?" Wengi wanajibu: "Informatiki." Jibu ni zuri. Lakini ukiuliza zaidi, "Informatiki ya namna gani? Utaisoma kwa ubao ao kwa mashini?", mtu ananyamaza. Na kumbe kule nyumbani baba anafikiri ng'ombe gani atauza juu ya kulipa masomo hayo. Kwa hiyo tumeona vema kutoa somo juu ya masomo ya informatiki yanayobeba staji ndani yake, ili kila mmoja ajue namna ya kuyapima kabla ya kuandikisha jina lake.

1. Staji ni nini?

Staji ni wakati ambapo mwanafunzi anatoka darasani na kufanya kazi ya kweli mahali pa kazi, chini ya macho ya mtu anayeijua kazi ile, na ile kazi inahesabiwa katika masomo yake. Wenzetu wa seksyo ya pedagojia wanaijua vizuri. Wanaenda kufundisha katika shule ya msingi, mwalimu anakaa nyuma na kalamu mkononi, kisha anawaonyesha pahali walipokosa. Wanafunzi wauguzi nao wanaenda hospitali. Hakuna mama atakayekubali mtoto wake apigwe shindano na mtu aliyejifunza shindano kwa ubao tu.

Lakini kwa informatiki tunakubali jambo hilo bila kushangaa! Kuna vijana waliomaliza miaka mitatu ya masomo, wameandika programu ndani ya daftari, wamechora ordinatere kwa kalamu, lakini mikono yao haikuzoea mashini. Wengine wanapata staji, lakini inakuja mwisho kabisa, mwezi mmoja ao miwili, wakati masomo yamekwisha. Tutaona mbele kwa nini hiyo haitoshi.

2. Ilianza wapi?

Ilianza Marekani, katika Universite ya Cincinnati, mwaka 1906. Mwalimu mmoja wa uhandisi, jina lake Herman Schneider, aliona ya kuwa kuna sehemu ya kazi ya fundi isiyoweza kufundishwa darasani, hata mwalimu awe hodari namna gani. Akachukua wanafunzi 27 na kuwagawanya makundi mawili. Juma hili kundi la kwanza liko darasani na la pili liko katika kiwanda. Juma linalofuata wanabadilishana. Hivi shule haikukosa wanafunzi, na kiwanda hakikukosa wafanyakazi. Wakati ule ordinatere haikuwako bado. Lakini njia ile ndiyo iliyokuja kuingia katika masomo ya informatiki.

Katika Kanada, Universite ya Waterloo ilianza kwa njia hiyo katika mwaka 1957, na darasa la kwanza la wahandisi wapatao 75. Leo wanafunzi wake wengi sana wa uhandisi na wa informatiki wanafuata njia hiyo. Mwaka umegawanywa vipindi vitatu vya miezi minne minne. Mwanafunzi anasoma kipindi kimoja, anafanya kazi kipindi kingine, anarudi kusoma, anatoka tena. Anaweza kufanya mpaka vipindi 6 vya kazi. Hesabu mwenyewe: 6 mara miezi 4 ni miezi 24, maana yake miaka miwili mizima ya kazi kabla ya kupata shahada. Kazi hiyo inalipwa. Lakini masomo yanachukua karibu miaka mitano, pahali pa minne. Hakuna kitu cha bure.

Sisi tunaosoma kwa Kifaransa tujue pia Universite ya Sherbrooke, katika jimbo la Quebec. Ilichukua njia hii mwaka 1966, ikawa ya kwanza katika Kanada kuifanya kwa lugha ya Kifaransa. Huko nako kuna informatiki, na staji ni ya miezi minne, yenye kulipwa.

Katika Ujerumani wana mpango mwingine. Mwaka 1974, Stuttgart na Mannheim, shule za namna mpya zilifunguliwa. Sosiete kubwa zilikuwa zimeomba vijana wanaojua vitabu na kazi pamoja. Tangu mwaka 2009 shule hizo ni universite moja, inaitwa Duale Hochschule Baden-Württemberg. Pale mtu hawezi kuanza masomo kama hakupata kwanza kontra na sosiete. Anakaa karibu miezi mitatu shuleni, miezi mitatu kazini, kwa muda wa miaka mitatu, na sosiete inamlipa kila mwezi, hata ile miezi anayokaa darasani.

3. Mahali pa kazi panafundisha kitu gani?

Tuchukue mfano mmoja. Darasani mwalimu anasema: "Tengeneza programu ya kuandika wagonjwa wa hospitali." Anatoa majina kumi. Kila jina limeandikwa vizuri, kila mtu ana tarehe ya kuzaliwa. Mwanafunzi anafanya programu, inaenda, anapata alama 16 juu ya 20. Anafurahi.

Sasa umpeleke katika hospitali ya kweli. Siku ya kwanza anakuta mama mmoja ameandikwa mara mbili: mara "Kahindo", mara "Kaindo", juu ya kuwa mwandishi wa asubuhi si mwandishi wa magaribi. Je, ni mtu mmoja ao wawili? Programu yake haijui. Siku ya pili anakuja mzee asiyejua tarehe ya kuzaliwa kwake. Anajua tu kwamba alizaliwa mwaka wa njaa fulani. Programu inakataa kumpokea, sababu mwanafunzi aliamuru kwamba tarehe ni lazima. Siku ya tatu, katikati ya kuandika, umeme unakatika. Ukirudi, nusu ya habari imeingia, nusu imepotea: dawa imeandikwa, lakini jina la mgonjwa aliyepewa haliko.

Haya yote haiko makosa ya mashini. Ndiyo informatiki yenyewe. Kufanya programu inayoenda wakati kila kitu kiko sawa ni kazi ya majuma machache. Kufanya programu isiyodanganya mganga wakati umeme umekatika, hiyo ndiyo kazi ya fundi. Na ubao hauwezi kukata umeme.

Mahali pa kazi panafundisha mambo mengine pia: kusoma programu iliyoandikwa na mtu aliyekwisha kuondoka, kuweka nakala ya habari kila siku, mahali mbali na mashini, kueleza shida kwa mama wa biro bila kutumia maneno ya kumtisha, kufika saa moja wakati walisema saa moja, kufunga kinywa juu ya habari za watu. Mwenye kushika ordinatere ya hospitali ao ya banki anaona siri nyingi. Kama hawezi kuzilinda, hata awe na akili sana, hafai kazi hiyo.

4. Maana kubwa ni kurudi

Hapa ndipo penye moyo wa somo letu. Watu wengi wanafikiri uzuri wa njia hii ni zile feza, ao ile kazi inayopatikana nyuma. Ni kweli, vyote viwili vinasaidia. Lakini uzuri wake hasa ni kwamba mwanafunzi anarudi.

Yule kijana aliyepotewa na habari siku umeme ulipokatika, akirudi darasani anasikiliza namna nyingine. Mwalimu anapofundisha jinsi ya kuandika habari kwa namna ya "yote ao hakuna", yaani kama kazi haikumalizika basi ifutwe yote isibaki nusu, wenzake ambao hawakutoka wanaandika tu juu ya mtihani. Yeye anainua mkono: "Mwalimu, hii ndiyo iliyonipata!" Analeta ulizo lake, na ulizo lile linasaidia darasa zima. Kisha anatoka tena, na safari hii anajua la kufanya.

Staji inayokuja mwisho haina mahali pa kurudi. Kijana anakuta shida yake ya kwanza siku masomo yamefungwa, mwalimu amekwisha kwenda kwa wengine. Atauliza nani?

Tukumbuke Injili ya Marko, sura ya 6. Bwana Yesu hakungoja mpaka mwisho wa mafundisho yake ndipo awatume wale Kumi na Wawili. Aliwatuma wawili wawili katikati ya masomo, wakati walikuwa bado hawajafahamu mengi. Nao walirudi kwake, wakamweleza yote waliyofanya na waliyofundisha. Kisha akaendelea kuwafundisha. Kutumwa, kurudi, kutoa raporo, kujifunza tena: njia hii ni ya zamani kuliko Cincinnati.

5. Hatari zake

Tusidanganyane, njia hii iko na miiba. Kuna mahali ambapo mwanafunzi wa staji anatumwa kununua mikate na kubeba karatasi tu, kisha anapewa muhuri. Kuna wakubwa wanaochukua vijana ili wasilipe mfanyakazi wa kweli. Kuna pia mwanafunzi anayeonja feza na kusahau kurudi shuleni. Na nafasi ni chache: miji yetu haina sosiete nyingi sawa vile Stuttgart. Lakini mahali pa staji si sosiete kubwa tu. Hospitali, banki, redio, biro ya kanisa, shirika linalosaidia wakimbizi, duka kubwa: popote penye mashini mbili tatu na habari nyingi za kulinda, kijana anaweza kujifunza, bora awepo mtu wa kumwongoza.

6. Maulizo ya kupeleka kabla ya kuandikisha jina

Usiangalie rangi ya jengo wala ukubwa wa kibao cha njiani. Mwende pamoja na mzazi, muulize kwa adabu:

a) Staji inaanza mwaka wa ngapi? Iko moja tu mwishoni, ao ziko kadhaa katikati ya masomo?
b) Nani anatafuta mahali pa staji: shule ao mwanafunzi peke yake?
c) Kuna kontra yenye kusema kazi gani itafanywa?
d) Je, mwalimu anafika kumwona mwanafunzi kazini?
e) Nani anatia alama, na kwa kuangalia nini?
f) Mwanafunzi akirudi, anatoa raporo mbele ya wenzake?
g) Darasani, wanafunzi wangapi wanatumia mashini moja?
h) Tiketi, chakula na nyumba wakati wa staji, ni juu ya nani?

Kama mkubwa wa shule anajibu vizuri, hata jengo likiwa la mabati, hiyo ni shule. Kama anakasirika kwa kuulizwa, hayo nayo ni majibu.

7. Tufanye nini tangu sasa?

Mtu asiseme: "Sina mashini, basi ningoje." Hesabu, hasa mantiki, inajifunzwa kwa kalamu. Kifaransa safi kitakusaidia kuandika raporo ambayo mkubwa wa kazi ataisoma mpaka mwisho. Kiingereza kidogo ni lazima, sababu maneno mengi ya mashini yako katika lugha hiyo. Na staji ndogo iko hapa hapa shuleni: omba ruhusa kwa prefe, umsaidie sekretere kupanga liste ya wanafunzi. Utaona mara moja majina yaliyoandikwa namna mbili, na utaanza kuwaza kama fundi.

Katika mwaka 1965, kule Waterloo, wanafunzi wanne wa mwaka wa tatu, katika kazi iliyoanzishwa na mwalimu Wes Graham, walitengeneza programu iliyoitwa WATFOR. Kazi yake ilikuwa kugeuza lugha ya Fortran kuwa lugha ya mashini, upesi, na kumwonyesha mwanafunzi wazi pahali alipokosa. Universite nyingine nyingi ziliichukua na kuitumia. Hawakuwa na diploma bado, lakini shida waliijua vizuri, kwa sababu walikuwa wanafunzi wenyewe. Na sisi tuko na shida zetu tunazozijua kuliko mtu wa mbali.

Wapendwa, si kila mtu atafika Kanada, wala si lazima. Lakini kila mmoja anaweza kuchagua shule inayomtuma na kumpokea tena. Tusiache ng'ombe wa baba auzwe juu ya karatasi tu.

Maulizo ya kujadiliana darasani
1. Kuna tofauti gani kati ya staji ya mwisho na staji ya katikati ya masomo?
2. Mgonjwa asiyejua tarehe ya kuzaliwa, wewe ungemwandika namna gani?
3. Katika mtaa wetu, taja mahali patatu panapoweza kupokea mwanafunzi wa informatiki. Angejifunza nini pale?